Mpimaji wa Miili Iliyotulia

Niliufahamu mguu wake wa kulia kabla ya kumfahamu yeye. Asubuhi yangu ya kwanza katika kitengo cha lishe, meza tuliyopewa kuandikia ilikuwa inatetemeka, wino ukaruka kwenye kadi ya mtoto, nikainama kutafuta kipande cha karatasi nikiweke chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa sawa. Upande wa pili, chini, kiatu cheusi kilichopigwa rangi vizuri kilikuwa kinapigapiga sakafu kama cha fundi anayekanyaga cherehani. Mwenye kiatu alikuwa anaandika, uso umetulia kabisa, wala hakujua kwamba mguu wake umejitafutia kazi nyingine.

Hospitalini tulimwita Mpimaji, na akina mama waliolaza watoto kwetu walimwita Papa Mupimaji. Ilikuwa miaka ya Zaïre, ya abakosti, lile koti la kiume lisilovaliwa na tai, na ya kuitana citoyen na citoyenne, mwananchi. Kazi yake ilikuwa kukadiria mwili wa mtu unateketeza kalori ngapi wakati haufanyi lolote: umelala chali, uko macho, tumboni hamna kitu tangu jana jioni, hausikii baridi. Mtu ambaye hakuweza kukaa kitini muda wa kumaliza kikombe cha chai ndiye aliyepewa kupima utulivu wa wengine. Nilicheka siku nilipolitambua hilo. Bado nacheka, ila siku hizi kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Alitoka nyumbani kwake Kasha, nje kidogo ya mji, kwa miguu kila siku, mvua au jua, ingawa gari la hospitali lilipitia Bagira kuwachukua wafanyakazi. Alisema gari linamkalisha. Alifika amelowa mpaka magotini wakati wa masika, anapangusa viatu kwa gazeti, anavipiga rangi upya, ndipo anasalimia watu. Chai aliinywa amesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, karanga mkono mwingine. Karanga zilikuwa ndani ya mfuko wa abakosti yake mwaka mzima, na kwa kweli sikumbuki kumwona akila chakula kingine hospitalini. Aliyejua kwa gramu kile ambacho kila mtu anapaswa kula alijilisha yeye mwenyewe kama kuku wa uani, akidonoa huku anapita.

Alikuwa na maneno yake ambayo sote tulijifunza kuyaiga. La kwanza lilikuwa, "Kilo moja, saa moja, kalori moja." Ndiyo hesabu ya haraka, alisema, kwa mtu asiye na mashine: chukua uzito wake, zidisha kwa saa za siku, na kama ni mwanamke punguza kidogo. La pili lilihusu mbabula, lile jiko la makaa ambalo kila nyumba ya Kadutu inalo. Mama mgeni akimuuliza kwa nini anamsumbua mtu aliyelala, Mpimaji alimwambia kwamba mwili ni mbabula iliyowashwa: hata usipoweka sufuria juu, makaa yanaisha. Moyo unapiga, maini yanafanya kazi, kichwa kinawaza. Akina mama walielewa mara moja, maana wao ndio walionunua makaa.

Hakuweza kuwatazama watu bila kuwakadiria. Kanisani alinong'ona nyuma yangu kwamba padri, akikaa tu, anafikia elfu moja na mia sita. Matangani aliwatazama waombolezaji mmoja mmoja, mdomo unachezacheza, nikajua anazidisha. Siku tulipotolewa kazini kwenda kucheza na kuimba mbele ya wakubwa wa Chama, alicheza vizuri kuliko sisi sote, miguu yake ilikuwa imengoja nafasi kama ile, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kalori mia tatu zimekwenda bure na hakuna aliyetupa hata ndizi. Nilitazama pembeni kuona kama kuna aliyesikia. Mwenyewe hakutazama, alikuwa ameshaanza kutembea.

Kwenye namba hakuwa na huruma. Aligundua siku moja kwamba mizani ya watoto inadanganya nusu kilo, akafuta kazi ya wiki nzima kwa mstari mwekundu, tukarudia kupima watoto wote huku wakipiga kelele na mama zao wakitununia. Daktari mmoja alimwomba arekebishe namba kidogo ili ripoti ipendeze. Mpimaji alimrudishia karatasi bila neno na hakumsalimia mpaka Pasaka. Wala hakumwamini mtu na kitu chake. Maji ya mashine aliyachota mwenyewe. Barua zake kwa wakubwa alizipeleka mwenyewe, ofisi hadi ofisi, ingawa tulikuwa na planton, tarishi aliyelipwa kwa kazi hiyo na aliyeshinda amesinzia kwenye benchi. Nikimtania kuhusu hilo alijibu kwamba miguu anayo.

Mashine yenyewe ilikuwa imeachwa na madaktari wa zamani waliopimia wagonjwa wa rovu, ule uvimbe wa shingo. Lilikuwa pipa dogo la bati lenye maji, na ndani yake chombo kingine kilichopinduliwa mdomo chini, kinaelea, kimejaa oksijeni. Mtu analala kitandani, anabanwa pua kwa kibanio, anavuta na kutoa pumzi kwa mdomo kupitia mrija. Kadiri anavyotumia oksijeni, chombo kinazama, na kalamu iliyofungwa nacho inapanda juu ya karatasi inayozunguka. Mstari ukipanda wima, mwili unateketeza sana; ukipanda kwa ulegevu, unateketeza kidogo. Jambo zima lilichukua dakika saba. Katika dakika hizo saba Mpimaji alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha mgonjwa, mikono miwili imeshikilia magoti yake kwa nguvu ili yasitikise mashine. Sijawahi kumwona binadamu akiteseka vile kwa kukaa tu.

Sasa nifike kwenye sahani za akina mama, maana ndiyo sababu naandika na nimezunguka vya kutosha.

Watoto waliolazwa kwetu walikuwa na bwaki, ugonjwa wa njaa unaovimbisha miguu na kuzifanya nywele kuwa nyekundu. Mtoto wa bwaki halazwi peke yake. Mama anakaa naye wiki tatu, mwezi, pengine miezi, analala kando ya kitanda juu ya mkeka, ananyonyesha kama maziwa bado yapo. Hospitali iliwapa mama hao sahani ya bugali na maharage. Mwaka ule akiba ilipungua na Gestionnaire, msimamizi wa mali ya hospitali, akaanza kuitazama sahani hiyo. Hakuwa mtu mbaya, sitamfanya shetani. Alisema tu kwamba akina mama wanakaa bure siku nzima, kwa hiyo wapewe kile ambacho mwili unateketeza ukiwa umelala, basi, na kilichobaki ndugu zao wakilete. Mama wa Cimpunda, hapa hapa mjini, angeweza kuletewa bakuli na dada yake. Mama aliyetoka Luvungi, huko chini kwenye uwanda wa Ruzizi, angeletewa na nani?

Jedwali la kitabu lilitoa namba ndogo. Ukiifuata, nusu ya sahani inaondoka. Mpimaji alikwenda mwenyewe, bila shaka, kumwambia Gestionnaire kwamba lile ni jedwali la watu wa Ulaya, na kwamba mashine tunayo na akina mama tunao, tuwapime wetu. Gestionnaire akakubali, tena kwa maandishi: namba itakayotolewa na mashine ndiyo atakayoifuata. Nilimwona Mpimaji akirudi kupitia uani karibu anakimbia.

Tulipima wiki nyingi. Akina mama walingoja nje kwenye benchi asubuhi, bila kula, na mimi nilikaa nao kuandika majina. Hapo ndipo nilipolisikia. Mmoja wao, mwanamke mtu mzima aliyekuwa na mjukuu wodini, alikuwa anawafundisha wengine jinsi ya kulala mbele ya yule papa. Kwetu mwanamke halali chali mbele ya mwanamume asiye wake. Akiingia mgeni wa kiume, hata ukiwa mgonjwa, unajivuta ukae. Na huyu alikuwa anakaa kichwani pako, amevaa viatu vinavyong'aa, anakutazama kifua kikipanda na kushuka. Basi yule bibi akawaambia wabane magoti, wakunje vidole vya miguu, washike kitenge kwa ngumi mbili na wasiachie mpaka waondolewe kile kibanio. Wakaingia mmoja mmoja na kulala wamejikaza kama watu wanaobeba mzigo mlimani. Kutoka mlangoni niliona mishipa ya shingo.

Mpimaji hakuiona, yeye alitazama kalamu. Kalamu ilipanda. Ilipanda juu ya jedwali kwa mama wa kwanza, kwa wa pili, karibu kwa wote. Nilijua kwa nini na nilifunga mdomo. Siku chache nilijiambia kwamba si kazi yangu, kisha nikaacha kujidanganya: nilinyamaza kwa sababu ya zile sahani.

Ripoti ilipelekwa, kwa miguu ile ile. Gestionnaire akatimiza neno lake na sahani ikabaki nzima. Mpimaji alikuwa na furaha ya kutisha. Aliamini amegundua jambo, kwamba miili ya hapa kwetu, kwa ajili ya baridi ya milima au kwa ajili ya maisha tunayoishi, inawaka kuliko miili ya vitabuni. Aliliongelea mlangoni, aliliongelea ngazini, maganda ya karanga yakidondoka nyuma yake. Mimi nilikuwa natafuta kazi ya kufanya chumba kingine.

Miezi kadhaa baadaye alikuwa anaendelea kupima mama wapya ili kuongezea ripoti nguvu. Asubuhi hiyo kitandani alikuwa mama mmoja wa Luvungi, mwembamba, mwenye mtoto aliyekataa hata maziwa. Dakika ya pili hivi tukasikia lori la maziwa ya unga likiingia uani. Lilikuwa limengojwa siku kumi. Mpimaji aliruka kutoka kwenye kigoda, akaniambia nisiguse kitu, akatoka. Mimi na yule mama tukabaki. Nilimwona akifungua ngumi. Magoti yakaachana kidogo, mabega yakashuka kwenye godoro, macho yakafumba nusu. Kisha viatu vikasikika tena kwenye varanda, na ngumi zikafunga.

Jioni, saa ya kufunga, nilimkuta amesimama dirishani na ile karatasi. Alikuwa ametia alama mbili kwa penseli. Mstari ulipanda wima, halafu ukalegea, halafu ukapanda wima tena.

"Hapa nilitoka," akasema. "Hapa nilirudi."

Akaniuliza kama nilikuwa najua.

"Papa," nikasema, "miye niko mwanamuke."

Nilingoja mstari mwekundu wa mizani, nilingoja kunyimwa salamu mpaka Pasaka. Alikunja karatasi ile mara nne akaitia mfukoni na karanga zake.

Asubuhi yake alinifundisha kuendesha mashine. Yeye ambaye hakumwamini mtu kuchota maji alinipa ufunguo wa chumba, na tangu siku hiyo nilipima mama peke yangu, mlango umefungwa, wakiwa wamefunikwa shuka. Mpimaji alibaki uani. Nilimsikia akizunguka pipa la mvua, changarawe chini ya viatu, mizunguko isiyo na hesabu. Kila nilipomtolea karatasi aliichukua bila kunitazama usoni. Mistari ililala. Namba ilikuwa karibu ile ile ya kitabu. Miili yetu ilikuwa miili tu, kama ya watu wote, na ilichokuwa nacho cha ziada ni aibu.

Sijui kama mnaelewa kilichokuwepo hapo. Gestionnaire alikuwa ameandika kwamba atafuata namba ya mashine. Namba ya kweli ilikuwa nusu ya sahani. Namba ya uongo ilikuwa sahani nzima, na sahani nzima ndiyo ilimtosha mwanamke anayenyonyesha na kubeba mtoto na kufua nepi kwa maji baridi, kwa sababu hakuna mama aliyewahi kukaa kwetu siku nzima amelala chali. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa ukali, nilikuwa na miaka ya kusema kwa ukali. Alinijibu kwamba sababu nzuri haigeuzi namba mbaya kuwa nzuri, kwamba alikwishasema hivyo kwa Gestionnaire kabla ya kupima, kwamba mama aliyelala si mama mzima, na hakusikilizwa; waliotaka namba waliitaka ya kulala. Kisha akaanza kutembea. Wiki tatu alitembea. Akipita kwenye wodi wakati wa chakula aliwatazama akina mama wakikata tonge, na midomo yake, kwa mara ya kwanza, haikuchezacheza.

Siku moja akaja kwenye meza yangu na bahasha iliyofungwa. Aliniambia ni masahihisho ya ripoti, kwa Gestionnaire, nimpelekee. Akaiweka juu ya kadi, akatoka.

Ofisi ya Gestionnaire ilikuwa upande wa pili wa ua. Niliiona kutoka nilipokaa, mlango ukiwa wazi. Niliinuka na bahasha mara mbili. Mara ya pili nilifika kwenye pipa la mvua, na pale mama wa Luvungi alikuwa anaosha sahani yake. Mtoto wake, mgongoni, alikuwa anatafuna kitu. Nikarudi. Niliitia bahasha kwenye droo ya chini, ndani ya boksi la vibanio vya akiba, nikafunga, na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na msalaba wangu.

Mpimaji hakuniuliza. Hilo ndilo lililonila. Mtu aliyefuatilia nusu kilo ya mizani hakuuliza barua imefika au haikufika. Sahani ziliendelea kutoka jikoni zimejaa, aliziona, na hakusema neno. Nilidhani anangoja nijikamate mwenyewe. Akinipa salamu nilisikia lawama. Akininyima, nilisikia lawama zaidi. Nilikuwa nikipanda ngazi za Kadutu jioni najibu mashtaka ambayo hakuna aliyenishtaki, mpaka watu wakanipisha njia. Aliendelea hivyo mpaka alipostaafu, na siku ya kumuaga alinishika mkono kama alivyowashika wote.

Alistaafu, mashine ikaharibika, sahani zikadumu mpaka siku stoo yenyewe ilipofungwa, kwa sababu ambazo hazikuhusu kalori. Nilipotoka kazini nilichukua boksi la vibanio.

Miaka ikapita mingi. Ilikuwa bado Zaïre, lakini imechoka, nilipopata habari kwamba Papa Mupimaji amepooza upande mmoja na hatoki kitandani. Nikaenda Kasha mchana mmoja. Kikapuni niliweka sukari, sabuni, karanga za kuchemshwa kwa sababu meno hayakuwepo tena, na chini kabisa ile bahasha. Nilikuwa nimeamua kuomba msamaha kabla hatujazikana.

Mkewe alinikaribisha, akaniingiza chumbani, akaenda kuteka maji. Mpimaji alikuwa amelala chali. Nilidhani nitakuta mtu mwingine, lakini chini ya blanketi, upande uliobaki hai, mguu wa kulia ulikuwa unapigapiga. Sauti yake ilikuwa nzito, ila maneno yalitoka. Aliniuliza uzito wangu. Nilimwambia uongo, akazidisha, tukacheka.

Kisha nikatoa bahasha nikaiweka kwenye mkono wake mzuri. Aliigusa pembe zote, akaigeuza, akapitisha kidole mahali pa gundi.

"Haukuifunguaka," akasema.

"Hapana, papa. Na sikuipelekaka. Nimekuja kuomba musamaha."

Nje mkewe alikuwa anamimina maji kwenye ndoo.

"Maman," akasema, "kama nilitakaka ifike, ningeipeleka miye mwenyewe. Miguu nilikuwa nayo."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Miaka yote ile nilikuwa nimejibebesha kosa, nimelipandisha ngazi na kulishusha, kumbe alinichagua. Alipima kila mtu, akanipima na mimi, akaona kwamba nitanyamaza tena kama nilivyonyamaza mara ya kwanza, akanitwika. Yeye aliandika ukweli wote, na tarehe na sahihi, akabaki msafi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, hata siku ile ya kuagana.

"Ningekuambia, ingekuwa miye njo mwenye kuwadanganya." Akapumzika kidogo. "Wale wamama, walikulaka?"

"Walikulaka, papa. Mpaka mwisho."

Alifumba macho, na bahasha akaiacha ilale kifuani, ikipanda na kushuka. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake nikiitazama, sijui muda gani. Baadaye nikaona kwamba blanketi halitikisiki. Niliinama upesi kusikiliza pumzi; ilikuwepo, ndefu, ya mtu anayelala usingizi. Mguu ulikuwa umetulia. Mkewe alipoingia na chai, kikombe alichonipa kilianza kugongana na sahani yake, naye akaniuliza kwa upole kama nasikia baridi, maana goti langu lilikuwa linacheza.